Kifundo cha Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu mashuka matatu. Nilikuwa nimeripoti wodi ya majeruhi katika hospitali moja hapa Shinyanga, sare imenyooshwa mpaka inasimama yenyewe, cheti cha uuguzi bado kinanukia wino. Kabla ya saa nne asubuhi akaletwa mpanda baiskeli aliyegongwa na trekta la pamba, paja limechanika. Nikamfunga bendeji kama tulivyofundishwa chuoni, mistari imelala sawasawa, ya kupendeza macho. Damu ikapita. Nikaongeza ya pili juu yake, nayo ikapita. Shuka la tatu lilipoanza kulowa, mtu alinisukuma pembeni kwa bega.

"Kwani unafunga zawadi ya harusi?"

Alikuwa Muuguzi Kiongozi wa wodi, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa. Watu walimwita Mama Kulwa, kwa jina la mkubwa wa mapacha wake. Aliishika mikono yangu akaigeuza, akaviona vidole vyangu vilivyokomaa.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anafunga robota kwenye kinu cha pamba, Mama."

"Na wewe ulikuwa unamsaidia?"

"Likizo zote."

"Basi mfunge huyu kama robota. Bana! Benki ya damu hapa ina chupa mbili tu, na zote zina wenyewe. Bana mpaka isimame."

Nikambana, nikaweka na goti. Damu ikasimama. Mama Kulwa aliliangalia shuka la nne, jeupe, akasema, "Wabeja, mdogo wangu." Ni asante ya Kisukuma, na ndiyo sifa ya kwanza niliyoipata katika utumishi wangu wote. Niliishi kwa sifa hiyo kwa miaka thelathini na zaidi.

Nasema mapema ili msomaji kijana asije akadhani namsimulia ushujaa: kila kitu ninachokiandika hapa kinaelekea kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mama huyo. Nilikiharibu kwa mikono hii hii aliyoisifu, naye akafa kwa sababu hiyo.

Baada ya miaka sita chini yake nilihamishiwa upande wa Geita, kwenye hospitali ndogo iliyozungukwa na machimbo ya wachimbaji wadogo. Huko ndiko nilikopata jina. Kulikuwa na wiki ambazo kila siku alipandishwa mtu kutoka kwenye duara, shimo lile wanaloshuka kwa kamba kutafuta mwamba wa dhahabu. Mmoja kaangukiwa na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, mwingine kakatwa na karasha ya kusagia mawe. Walikuja wamefungwa na mashati ya wenzao, na mimi kazi yangu ilikuwa moja, kubana. Sikuwa na haja ya kumwita mtu. Nilishika, nikabana, na sikuachia mpaka mganga afike. Wachimbaji wakaniita Winchi, kwa ile mashine ya kuvutia mizigo, maana nikishika sibanduki.

Mganga Mfawidhi wa pale, mzee wa Kizinza asiyependa maneno, aliniandikia kwenye taarifa ya mwaka: "Mtumishi huyu hapotezi damu." Nilitoa nakala nikaituma kwa Mama Kulwa. Akanijibu kwa mstari mmoja kwamba hata yeye asingeandika vizuri zaidi.

Jambo moja la Geita lilinisumbua. Waliokatwa tuliwaokoa, lakini walioshika kifua tuliwapoteza. Nakumbuka mnunuzi wa dhahabu, mtu mnene mchangamfu, aliyeingia kwa miguu yake akisema kifua kinawaka na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo, kwa sababu kila maumivu ya kifua tuliyaita vidonda vya tumbo. Tukampa dawa ya maji na kikombe cha maziwa. Alikufa kikombe kikiwa mkononi. Kipimo cha umeme wa moyo hatukuwa nacho, na hata tungekuwa nacho, hakuna aliyejua kukisoma. Mke wake alituuliza ni vidonda gani vinavyoua mtu aliyesimama. Mpaka leo naiona sura yake.

Ndiyo maana nafasi ya kusomea uuguzi wa moyo ilipotangazwa niliiomba kama anayeomba kazi ya kwanza. Nilisoma, kisha nikapangiwa hospitali ya rufaa, nje ya mikoa hii yetu, ambayo jina lake naliacha kwa sababu kosa nitakalolisema halikuwa lake. Kulikuwa na chumba chenye mtambo wa kuonyesha mishipa ya moyo kwenye kioo, na Daktari Bingwa aliyetufundisha kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwa daktari.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye shauri lenyewe. Mtu anaposhikwa na moyo ghafla, mara nyingi bonge la damu limeziba mshipa mmoja unaoulisha moyo. Daktari huingiza mpira mwembamba kwenye ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, akaupandisha mpaka pale palipoziba, akapazibua na kuweka stenti, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa usijifunge tena. Njia za kuingilia ni mbili. Ya zamani ni kinena, juu ya paja. Ateri ya pale ni kubwa, rahisi kuipata, lakini imelala ndani, na ikivuja inaweza kuvujia kwa nyuma, tumboni, mahali ambapo jicho halioni na mkono haufiki. Njia ya pili ni kifundo cha mkono, pale unapowekea kidole kuhesabu mapigo. Ateri yake ni nyembamba, ila iko juu ya mfupa, ikivuja unaiona na unaibana. Mgonjwa wa kinena hulala chali kwa saa nyingi bila kukunja mguu. Mgonjwa wa kifundo hukaa akanywa uji.

"Kwa watu wenu wa kule," Daktari Bingwa alituambia, "ambako chupa ya damu inatafutwa kwa redio, kifundo ni uhai. Kitunzeni. Mtu akirudi na moyo mara ya pili, mtakitaka tena."

Kisha akatufundisha kubana. Mpira ukitolewa, mgonjwa huvishwa bangili ya plastiki yenye puto dogo, unalijaza hewa mpaka damu ikatike, halafu unapunguza taratibu mpaka lichungulie tone moja, kisha unarudisha hewa kidogo sana. Hapo tundu linaziba, huku damu ikiendelea kupita chini yake kwenda kiganjani. Ili kuhakikisha, unambana mgonjwa ateri ya upande wa kidole kidogo, na kifaa kilichovishwa kwenye kidole gumba kikiendelea kuonyesha mapigo, ujue njia iko wazi. Ukibana mpaka damu isipite kabisa, ateri ile inaganda ndani na kufa, nawe hutajua, kwa sababu mkono utabaki na joto lake. Ile ateri ya pili inaulisha.

"Lengo si kuzuia damu," alisema. "Lengo ni kuzuia tundu. Umeelewa, Masunga?"

Nikasema nimeelewa. Nililiandika hata kwenye daftari, na daftari hilo ninalo.

Lakini mimi nilikuwa Winchi. Tone lile moja alilotaka tulione likichungulia, mwili wangu ulilikataa. Nililelewa kwenye wodi za chupa mbili za damu, na hapa napo, wodi nzima ya moyo, mara nyingi alasiri tulikuwa wauguzi wawili. Nilijiambia kwamba anayebana kwa kubembeleza ni yule mwenye muda wa kukaa kando ya kitanda. Basi nilijaza puto mpaka pakawa pakavu, nikaliacha hivyo mpaka jioni. Bangili zilipokwisha stoo, nilikunja shashi nikaifunga kwa bendeji, na hapo ndipo nilipojiona niko nyumbani, nikavuta kama robota. Wagonjwa wangu walirudi kwao bila doa. Wafuaji wetu walisema shuka la Masunga halina haja ya sabuni. Vijana wa zamu walipoona kifundo kimelowa waliniita mimi, na mimi nilikuja nikifurahi. Ndiyo, nilikuwa nafurahi.

Mama Kulwa alikuwa amekwisha kustaafu, akajenga Isaka, karibu na reli, ambako aliuza dawa baridi na kuwagombeza madereva wa malori juu ya chumvi wanayokula. Siku moja akanipigia.

"Masunga, nikitembea mpaka sokoni kifua kinabana, nikisimama kinaachia. Mimi na wewe tunajua hii si tumbo."

"Njoo, Mama Kulwa. Njoo kesho."

Alikuja. Daktari Bingwa akamwekea stenti moja kupitia kifundo cha kulia, akatoka mezani akicheka kwamba ameuona moyo wake kwenye televisheni. Bangili hazikuwepo wiki hiyo. Nesi kijana alikuwa ameshika shashi tayari, nikamwambia aniachie, huyu ni dada yangu. Nikamfunga mwenyewe. Niliweka ufundi wangu wote pale, kwa heshima yake.

Baada ya saa moja alisema, "Vidole vimekufa ganzi, mdogo wangu. Na vimebadilika rangi."

"Vumilia kidogo. Si wewe uliyenifundisha?"

Akacheka. Alikuwa muuguzi wa miaka yote ile, angeweza kuifungua mwenyewe, lakini hili la kifundo halikuwepo zama zake na aliniamini mimi niliyelisomea. Jioni nilipofungua alilitazama shuka, likiwa jeupe. "Umebana vizuri," akasema. "Wabeja." Mapigo ya pale chini sikuyapima. Kupima kungenichukua muda mfupi kuliko kusoma sentensi hii.

Miaka mitatu baadaye, asubuhi ya kawaida kabisa, simu ililia. Alikuwa yeye, anahema.

"Sasa ni yenyewe, Masunga. Imenishika nikiwa nimekaa. Nimetafuna aspirini. Kulwa ameshapata gari."

Nataka vijana walione hili vizuri. Mama huyu hakukosea hata hatua moja. Hakunywa maziwa, hakungoja ipite, hakwenda kwa mganga wa kienyeji kuuliza ni nani. Alijua jina la ugonjwa wake, akatafuna dawa iliyo sahihi, akaingia garini wakati ambao wengi bado wanasuguliwa kifua kwa mafuta. Alifika saa tano, mtambo ukiwa tayari, Daktari Bingwa amevaa glovu. Wale wote tuliowazika Geita wangetamani bahati yake.

Nikaushika mkono wake wa kulia ili niuoshe kwa dawa. Nikaweka kidole. Nikakisogeza. Nikakisogeza tena, kama mtu aliyeingia chumba chake akakuta kitanda hakipo.

"Vipi?" Daktari Bingwa aliuliza.

"Mpigo haupo."

Akaja akajaribu mwenyewe, akaleta kipimo cha mawimbi ya sauti. Ateri ilikuwa kamba kavu. "Imeziba siku nyingi hii," alisema. "Nani alibana mara ile?"

Alijibu mgonjwa, kutoka mezani, kwa fahari. "Masunga wangu. Halikuvuja hata tone."

Daktari Bingwa alinitazama mara moja tu, kisha akahamia mkono wa kushoto. Ateri ya kushoto ilikuwa nyembamba, ikapigwa sindano ikakakamaa, mpira ukagoma. Dakika zilikuwa zinakwenda na moyo unakufa. Akasema, "Kinena."

Kupitia kinena alimzibua. Lazima niseme hivyo, maana daktari yule alifanya kazi yake. Maumivu yakaisha palepale, Mama Kulwa akapumua, akaniuliza kama nimekula. Mwanawe Kulwa, mwalimu mtu mzima, aliruhusiwa kumwona, akapiga magoti kando ya kitanda akilia kwa furaha. Kwa saa mbili hivi niliamini nimesamehewa.

Mnamo saa tisa alasiri alisema mgongo unamuuma. Kisha akasema ana kiu. Nilimgusa paji la uso, lilikuwa na jasho la baridi, na presha ilikuwa imeshuka. Kinenani kwa nje palikuwa pakavu, bendeji nyeupe, safi. Alikuwa anavujia ndani, kwa nyuma, kikongwe mwembamba aliyejaa dawa za kuzuia damu isigande. Nilipiga kelele kumwita daktari, nikapanda kitandani nikabana juu ya kinena kwa ngumi mbili. Benki ya damu ilikuwa na chupa moja ya kundi lake. Kulwa alikimbia kutafuta ndugu wa kujitolea.

"Bana, mdogo wangu," alisema Mama Kulwa. Alikuwa akinitazama usoni, bila hofu yoyote, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimeshika. "Bana kwa mikono ya robota."

Nilibana. Sijawahi kubana hivyo, hata Geita. Nilibana mpaka Daktari Bingwa, aliyekuwa akipigania kumrudisha chumba cha mtambo, aliponigusa bega akasema, "Inatosha, Masunga. Pale panapovuja hupafikii." Tulipomgeuza, shuka la chini yake lilikuwa jeupe.

Kulwa alirudi na wanaume wanne waliokunja mikono ya mashati tayari kutoa damu. Waliyakunjua mashati hayo palepale koridoni.

Wiki zilizofuata nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka yote. Wagonjwa wangu wa zamani walipokuja kliniki niliwashika kifundo kwa kisingizio cha kuwasalimia. Wa kwanza, mpigo haukuwepo. Wa pili ulikuwepo, dhaifu. Wa tatu haukuwepo, naye alikuwa kijana wa machimboni mwenye miaka mingi mbele. Wa nne, mtu wa Geita, alinipa mkono mwenyewe akisema, "Winchi! Uliniponya bila doa." Nikaacha kupima. Nilimwambia Daktari Bingwa ukweli, akaniondoa kwenye kubana, akaandika maelekezo akayabandika ukutani, na hakunitangaza. Laiti angenitangaza.

Msibani Isaka, Kulwa alisimama mbele ya watu akanishukuru. Alisema mjomba Masunga alimshika mama mpaka pumzi ya mwisho. Wanawake wakaniombea. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu kichwani, nimeyapanga tangu kwenye gari, na nilipoona watu wale wananitazama kwa upole nikayameza. Nilijiambia msiba si mahali pake. Siku yangu ya kustaafu mwenyekiti wa sherehe akasoma ile taarifa ya Geita, "mtumishi huyu hapotezi damu," na ukumbi ukapiga makofi. Wakanivisha mgolole, wakanipa redio. Nilikula pilau yao.

Sasa nakaa hapa Shinyanga, na wauguzi vijana huja kuniuliza siri ya kazi. Sina siri. Nina huzuni, na nawapa bure. Nawaambia ufundi uliokuokoa kwenye wodi moja unaweza kuua kwenye wodi ya pili, na hautakuonya. Nawaambia wapunguze hewa, wangoje lile tone, wapime mapigo chini ya bangili hata kama wagonjwa wengine wanaita. Wanaitikia kwa adabu, wanaandika kwenye daftari, kama mimi nilivyoandika. Nikiwatazama sioni wa kumwamini, na si kosa lao. Bangili bado zinakwisha stoo, alasiri bado wanabaki wawili, na shuka jeupe bado linasifiwa.

Kulwa huja kunitembelea kila Jumapili akitoka kanisani. Ananiletea maziwa ya mgando, ananiuliza hali. Ana adabu ya kwao: anaponipa mkono wa kulia, huinama kidogo na kukishika kifundo chake kwa mkono wa kushoto, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa. "Shikamoo, mjomba." Nami kidole changu huteleza chenyewe mpaka pale pa mapigo. Yapo. Yanagonga vizuri, mwana wa mama yake. "Marahaba," nasema, na yale mengine yote nayameza, Jumapili baada ya Jumapili.

Nimechoka kuyameza. Ndiyo maana nimeandika karatasi hizi, na zimekunjwa mezani karibu na kiti anachokalia. Jumapili hii sitaupokea mkono wake mlangoni. Nitampa asome kwanza, nimngoje amalize, kisha aamue mwenyewe kama bado ni mkono wa kunipa.